Tumefungwa, Wamefungwa

Kuna kitenzi kimoja cha Kiswahili kinachonichekesha hadi leo, nacho ni kufungwa. Mlango hufungwa, mzigo hufungwa, mbuzi hufungwa mtini, mwizi hufungwa jela, na timu hufungwa mabao. Katika Luganda, lugha ya nyumbani kwetu Masaka, mbuzi na mwizi nao hutumia kitenzi kimoja, okusiba, lakini timu haimo humo. Timu hupigwa. Januari 2023, Arsenal walipoifunga Manchester United 3–2, mashabiki kadhaa wa Arsenal waliingia barabarani mjini Jinja kesho yake wakiwa na jezi nyekundu na kikombe walichokinunua wenyewe, na polisi wakawakamata kwa kuandamana bila kibali. Timu yao ndiyo iliyofunga, na wao ndio waliofungwa. Mwalimu wetu wa sarufi aliutumia mfano huo kwa muhula mzima alipotufundisha kauli ya kutendwa, na hata wavulana wa viti vya nyuma walimwelewa.

Lakini sikusudii kuandika juu ya kitenzi. Nataka kuandika juu ya kile kiambishi kidogo kinachokaa mbele yake, ambacho ama ni tu- ama ni wa-. Tumefungwa au wamefungwa. Wikendi moja ya Novemba niliona watu wenye akili timamu wakitofautiana kwa hicho tu, na sijaacha kukifikiria.

Nilikuwa Marekani kwa muhula mmoja, katika chuo cha kaskazini, upande wa Minnesota, ambako Novemba jua huzama kabla ya saa kumi na moja jioni. Chuo chenyewe sitakitaja. Waliofungwa ni wanafunzi, mmoja wao nilikuwa naye darasa moja, na hakuna aliyeniomba nimwandike.

Mchezo wanaoupenda watu wa huko ni mpira wa magongo wa barafuni. Mpira wa magongo wa kawaida nilikwisha kuuona Lugogo, Kampala, kwa hiyo nilifika na kiburi kidogo, nikidhani najua ninachokwenda kutazama. Sikujua. Kila timu huwa na watu sita barafuni, kipa akiwemo, na mchezo una vipindi vitatu vya dakika 20. Mpira wenyewe haupo. Kinachogombaniwa ni kisahani cheusi cha raba ngumu chenye uzito wa gramu 170 hivi, na mara nyingi huoni kimekwenda wapi mpaka uone watu wameinua mikono. Wachezaji hubadilishana kila baada ya dakika moja au chini ya hapo, wakiruka ukuta kuingia na kutoka mchezo ukiwa unaendelea, wala refa hapulizi filimbi. Wachezaji wa vyuo hulazimika kuvaa kinga inayofunika uso mzima, wengi wao wavu wa chuma. Kwa hiyo unaweza kumshangilia mtu mwezi mzima kisha ukapishana naye kwenye ngazi za maktaba bila kumtambua.

Ratiba yao nayo si kama ya ligi zetu. Timu husafiri kwa basi siku ya Alhamisi, ikacheza na wenyeji Ijumaa usiku, ikalala hapo hapo, ikacheza nao tena Jumamosi usiku. Ukifungwa leo, kesho unarudi kwenye barafu ileile, mbele ya watu walewale waliokuzomea. Ushindi ndani ya dakika 60 una pointi tatu, kwa hiyo wikendi moja ina pointi sita. Na kwa kuwa mashindano ya taifa huchukua timu 16 tu kati ya timu sitini na kitu, na ushindi wa ugenini huhesabiwa kwa uzito zaidi kuliko wa nyumbani, watu huanza kupiga hesabu za mwezi wa tatu wakiwa bado katika mwezi wa kumi na moja. Nilimwona mwanafunzi akipiga hesabu hizo juu ya karatasi ya kufungia mkate.

Ijumaa ile timu ilikuwa jimbo la jirani, mwendo wa saa saba kwa basi. Mimi niliutazama mchezo kwenye jumba la wanafunzi, pamoja na watu wa darasa langu na wengine nisiowajua, labda mia moja kwa jumla. Kijana mmoja anayesomea uhandisi alinikalisha karibu naye ili anieleze sheria. Kabla ya mchezo kila sentensi yake ilikuwa na "sisi". Sisi tuna walinzi wazuri. Sisi mwaka jana tuliwapiga hapo hapo. Leo tunarudi na pointi zote tatu.

Bao la kwanza likaingia, akasema tutasawazisha. Likaingia la pili. La tatu lilipoingia, kipindi cha pili kikiwa hakijafika nusu, nilisikia jambo lililonifanya niache kula bisi zangu. Alisema, "Hawa watu hawawezi kucheza." Hawa watu. Nikaanza kusikiliza meza nyingine, na kila mahali ilikuwa hivyohivyo: wanapoteza kisahani, wamezembea, wanatuaibisha. Mchezo ukaisha 5–1, na kufikia hapo hata "wao" alikuwa mkubwa mno kwao. Walimhitaji "yeye". Kipa. Yeye ndiye aliyeachia la pili, yeye ndiye aliyesimama vibaya kwa la nne, kwa nini kocha hakumtoa yeye. Nilifikiria safari ambayo kile kiambishi kilikuwa kimekwenda kwa saa mbili na nusu: tu-, wa-, a-. Watu ishirini na kitu waliingia kwenye basi pamoja na chuo kizima, chuo kikashuka njiani, wachezaji wenzake wakashuka, akabaki kijana mmoja mwenye wavu usoni.

Kuna wimbo wa kumzomea kipa ambao karibu kila chuo cha Marekani chenye mchezo huu huuimba kwa namna yake. Bao likiingia, wanafunzi hunyoosha vidole kuelekea golini wakimwita kipa wa wageni chekeche, yaani chombo cha kuchekechea unga, mara nyingi kadiri wanavyopenda, kisha humwambia kwa sauti moja kwamba kosa ni lake, lote ni lake. Mimi mwenyewe niliuimba kwenye michezo ya nyumbani ya Oktoba. Unaimbika, na tarumbeta na ngoma za bendi ya chuo zikiusindikiza huwezi kukaa kimya. Ijumaa hiyo tulisikia kwa runinga wenyeji wakimwimbia wa kwetu mara tano. Kijana wa uhandisi hakukasirika. Mara ya tano alitikisa kichwa akasema, "Wana haki."

Jumamosi niliusikiliza mchezo nyumbani kwa mama aliyekuwa amenipokea. Alikuwa ameniambia tangu mwanzo nimwite kwa jina lake la kwanza, kama wanavyomwita hata watoto wa jirani. Nilijaribu siku mbili, ulimi ukakataa, maana umri wake ni wa jjajja yangu. Tukapatana nimwite Mama. Ni mwalimu mstaafu, na ana viti viwili katika uwanja wa chuo tangu miaka ya 1970, kimoja chake na kimoja cha mume wake. Mzee amefariki. Kila mwaka analipia vyote viwili, na kile cha mzee humkaribisha mtu, mwaka ule mimi.

Zamani walikuwa wakiifuata timu kwa gari mpaka majimbo ya mbali. Sasa macho yake hayapendi barabara ya usiku yenye barafu, kwa hiyo huwasha runinga, akaizima sauti, akafungua redio, kwa sababu mtangazaji wa redio anamjua na wale wa runinga anawaita wapita njia. Redio ilikuwa mbele ya picha kwa sekunde kadhaa. Tulikuwa tukisikia bao kwanza, kisha tunalitazama likija. Sijui kama kuna namna mbaya zaidi ya kufungwa kuliko kukaa unatazama watu wanaokimbilia jambo ambalo wewe unajua limeshatokea.

Hadi mwisho wa kipindi cha pili tulikuwa mbele 2–0. Mama alikuwa akifuma soksi, na sindano zilikwenda vizuri. Kipindi cha tatu wenyeji wakapata moja, kisha la pili. Zikiwa zimebaki dakika mbili hivi, kisahani kilipigwa kutoka mbali, pigo la kawaida kabisa, kikapita katikati ya miguu ya kipa. Redio ikalipuka kwa ule wimbo. Chekeche, chekeche. Kocha akamtoa kipa ili aingize mshambuliaji wa ziada, jambo ambalo timu iliyo nyuma hulifanya mwishoni, goli likabaki tupu kama duka lililoachwa wazi, lakini hakuna kilichobadilika. 3–2. Wikendi yote, sifuri kati ya sita.

Mama aliweka soksi chini. Nilitegemea amseme kipa. Alisema, "Hatujui kulinda mabao mawili. Hatukujua mwaka jana na hatujui mwaka huu." Kisha akaendelea kwa nusu saa, na sijawahi kumsikia mtu akiilaumu timu kwa ukali namna ile. Tulirudi nyuma mapema mno. Tulikubali kusukumwa kwenye kona zetu. Tulibadilishana ovyo, miguu yetu ilikuwa imekufa kufikia dakika ya 50, na kocha wetu anapaswa kueleza kwa nini. Tu-, tu-, tu-. Nilimuuliza juu ya lile bao la miguuni. Akanitazama kana kwamba nimebadilisha mazungumzo. "Ilikuwa zamu yake ya kukosea," akasema. "Wengine walikwisha kosea kabla yake ndipo kisahani kikamfikia."

Kisha, kama wazee wote wa michezo, akanitolea kumbukumbu za misiba mingine. Alinisimulia fainali ya taifa ya 2023 iliyochezwa Tampa, Florida, ambapo Minnesota walikuwa wakiongoza 2–1 zikiwa zimebaki chini ya dakika tatu. Quinnipiac, chuo cha Connecticut ambacho hadi siku hiyo kilikuwa hakijawahi kuchukua taji hilo, wakamtoa kipa wao, wakasawazisha, na katika muda wa nyongeza wakafunga baada ya sekunde kumi tu. Sekunde kumi! Minnesota ni mahasimu wa chuo chetu, kwa hiyo nikamuuliza kama alifurahi. Alisema alifurahi kwa dakika moja hivi, halafu akamfikiria mama wa kipa, furaha ikamtoka.

Niliporudi chuoni nilimweleza mhadhiri wangu wa isimu habari za "sisi" na "wao", naye akanielekeza kwenye utafiti wa Robert Cialdini na wenzake uliochapishwa mwaka 1976. Walikwenda katika vyuo saba vya Marekani vyenye timu kubwa za mpira wa Kimarekani, wakahesabu siku za Jumatatu ni wanafunzi wangapi wamevaa nguo zenye jina la chuo. Timu ikishinda, nguo hizo ziliongezeka. Kisha wakawapigia wanafunzi simu kuwauliza juu ya michezo iliyopita, wakakuta kwamba "tulishinda" husemwa kwa urahisi zaidi kuliko "tulishindwa". Nilisoma makala hiyo kwa furaha, maana kijana wangu wa uhandisi alikuwemo mzimamzima, miaka karibu hamsini kabla sijakutana naye.

Mama hakuwemo. Wala baba yangu hakuwemo.

Baba yangu ni shabiki wa Express, timu ya Wankulukuku, na ni shabiki wa timu ya taifa, Uganda Cranes, mambo mawili ambayo yakikutana katika mtu mmoja humfundisha subira. Oktoba 2011 Uganda ilihitaji kuifunga Kenya pale Namboole ili ifuzu Kombe la Mataifa ya Afrika kwa mara ya kwanza tangu 1978. Mchezo ukaisha bila bao. Nilikuwa mtoto, lakini nakumbuka baba alivyorudi kutoka kibandani kwenye runinga, akavua viatu mlangoni, akamwambia mama, "Tumeshindwa tena." Sare ile haikuwa kushindwa kwa hesabu, ila hakuna aliyembishia. Hakusema wameshindwa. Na ilipofika 2016 tukafuzu hatimaye kwa mashindano ya 2017, alikuwa na haki ya kusema tumefuzu bila mtu yeyote kumuuliza wewe ulicheza namba ngapi.

Mfano wa Kampala huniumiza kichwa zaidi. Watu wetu husema "tumefungwa" juu ya Arsenal, Chelsea au Liverpool, timu za Uingereza, nchi ambayo hawajaikanyaga. Yule mwanafunzi wa Minnesota anaishi mita mia tatu kutoka uwanjani, anakula ukumbi mmoja na wachezaji, naye anasema "wamefungwa". Basi ukaribu sio unaotoa kiambishi. Nadhani kinachokitoa ni gharama. Mtu wa Kampala hulipa kiingilio cha kibanda, hurudi usiku kwa boda, na Jumatatu hukaa kazini akitaniwa mpaka saa ya chai. Mama wa Minnesota analipia kiti cha marehemu. Mtu aliyelipa hivyo hawezi kushuka njiani hata akitaka, kwa hiyo ghadhabu yake inabaki ndani ya basi pamoja na wengine. Asiyelipa ndiye hushuka haraka, na akishashuka huokota mawe.

Kuna hoja moja nilitupiwa mezani nilipoyasema haya, na sitaificha kwa sababu ina nguvu. Tangu Julai 2021 wanamichezo wa vyuo vya Marekani wanaruhusiwa kupata fedha kutokana na majina na picha zao, na tangu 2025 vyuo vyenyewe vinaweza kuwalipa moja kwa moja. Kijana wa uhandisi alinieleza hilo akiwa ameegemea kiti kama wakili: zamani ungeweza kusema ni wanafunzi tu, waacheni, sasa ni kazi, na mtu akiharibu kazi yake anaambiwa. Nilimuuliza kipa wetu analipwa kiasi gani. Hakujua. Nilimuuliza kama, kwa mawazo yake, kuna kiasi cha fedha ambacho kikilipwa kinampa mtu ruhusa ya kumwita mwenzake chekeche. Alicheka, akasema swali hilo ni la mtu wa isimu. Bado naona hakulijibu.

Kipa mwenyewe nilikuwa naye katika darasa la jiografia la Jumanne. Yuko mwaka wa kwanza ingawa ana miaka 21, kwa kuwa wengi wao huchezea ligi za vijana mwaka mmoja au miwili baada ya sekondari kabla ya kuingia chuo. Ni mtu mrefu, mpole, anayeandika kwa mkono wa kushoto. Jumanne ile viti viwili vya upande wake vilibaki wazi, na sidhani kwamba mtu alikusudia. Watu walikuwa wakiketi tu mahali pengine, kama wanavyofanya karibu na mtu anayekohoa.

Nikakaa hapo. Nilitaka kumpa pole, nikagundua kwamba Kiingereza hakina neno hilo. Lililo karibu ni lile la kuomba radhi, nikalitumia. Akashtuka. "Kwa nini? Wewe umefanya nini?" Nikamweleza kwamba kwetu kuna neno ambalo halina mkosaji, unampa mtu aliyejikwaa, aliyefiwa, aliyetoka safarini, aliyechoka kwa kazi.

"Na aliyefungwa?"

"Na aliyefungwa."

Akalijaribu mara mbili, akalivuta mwisho wake kama Wamarekani wanavyovuta kila irabu. Akaniambia kwamba jambo lililomsumbua halikuwa uwanja wa ugenini. Kule kazi ya watu ni kukuzomea, na ndani ya kofia ile ngumu husikii maneno, unasikia ngurumo tu. Lililomsumbua ni kwamba tangu basi lilipofika nyumbani alfajiri ya Jumapili, hakuna mtu nje ya timu aliyemtajia mchezo. Walikuwa wakimwongelesha juu ya theluji. Profesa akaingia, tukafungua madaftari kwenye mabonde ya mito.

Kabla ya hapo, Jumapili, baba alikuwa amenipigia simu. Nilikuwa nimemzoesha kuuliza matokeo, naye aliufuata mchezo huo asioujua kwa bidii ileile anayoifuata ligi ya Uganda. Akaniuliza kwa Luganda, "Babakubye?" Luganda ina ujanja wake hapo. Kiambishi cha mtendwa cha "ninyi" na cha "wao" ni kimoja, -ba-, kwa hiyo swali lile lina maana mbili: wamewapiga ninyi, au wamewapiga wao. Kwa Kiswahili ningeweza kutofautisha kwa kuongeza neno. Baba aliniachia mimi nichague.

"Babakubye, taata," nikamjibu. "Mara mbili."

Akanyamaza kidogo, akasema tutawapata kwetu. Tutawapata! Mzee wa Masaka, ambaye barafu anaijua kwenye friji ya soda dukani.

Mwanafunzi mmoja niliyemheshimu wikendi ile ni kijana aliyeendesha gari saa saba kwenda na saa saba kurudi. Alirudi Jumapili mchana, sauti imekwisha kabisa, akaja kula nasi. Alikuwa na hasira kuliko wote, na yeye alisema "tumefungwa" kila mara bila kufikiri. Alitusimulia kwamba Jumamosi, katika kipindi cha tatu, alikuwa amesimama karibu kabisa na goli letu, katikati ya wenyeji, wakati uwanja mzima uliponyoosha vidole. Vidole vile, alisema, vilikuwa vinapita juu ya kichwa chake yeye. Aliona mabega ya kipa yakishuka. Akaapa mbele yetu, kwa sauti iliyokuwa kama mlango unaokwaruza, kwamba hataimba tena wimbo ule maishani.

Ijumaa iliyofuata tulicheza nyumbani. Uwanja ulijaa, maana mashabiki wa huko hawaachi viti vyao hata wakiwa wamenuna, na kijana wa uhandisi alikuwepo, amejichora uso rangi za chuo. Mimi nilikaa na Mama kwenye kiti cha mzee. Dakika ya nane tukapata bao, zuri, la kona ya juu, na sehemu ya wanafunzi ikainuka kama mtu mmoja, vidole vikaelekea kwa kipa wa wageni, ngoma zikaanza.

Nilimtafuta yule kijana wa gari. Nilimwona safu ya tatu, sauti yake imerudi, mkono umenyooka. Alikuwa akiimba. Macho yetu yakakutana kwa mbali, akainua mabega kidogo, kama mtu aliyekutwa anakula mchana wa Ramadhani, akaendelea mpaka wimbo ukaisha. Mimi safari hii sikuimba, ila mguu wangu ulikuwa ukipiga sakafu kwa mdundo uleule, na ilinibidi niushike goti.

Mama alikuwa amekaa na mikono mapajani. Aliniambia baadaye kwamba mzee wake ndiye aliyekuwa mwimbaji, yeye hakuwahi. Kisahani kikarudishwa katikati. Upande wa pili kipa wetu alikuwa akigonga nguzo za goli lake kwa gongo, moja kisha nyingine, kama afanyavyo kila mchezo unapotaka kuanza upya.